Mgonjwa anayetapika damu au kupata choo cheusi: kuanzia mapokezi hadi asubuhi, nani anamfuatilia?

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka 14 kwenye wodi ya magonjwa ya ndani, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefanya zamu za usiku. Humu jukwaani nimesoma nyuzi nyingi za wagonjwa waliotoka damu tumboni, na ubishi huwa unazunguka palepale: hospitali haikuwa na mashine, au ndugu walichelewa kumleta. Yote mawili yanatokea kweli. Lakini kuna la tatu, ambalo sisi wa ndani tunalijua na huwa tunaliongelea wenyewe kwa wenyewe tu. Mgonjwa kafika mapema, mashine ipo, damu ipo benki, daktari kaandika dawa sahihi, na bado usiku unamshinda, kwa sababu tangu anatoka mapokezi mpaka kunakucha hakuna mtu mmoja anayesema "huyu ni wangu". Nimeamua kuliandika. Ni refu, mnivumilie.

Nianze na mzee mmoja. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, anakunywa diklofenaki karibu kila siku, na juu yake aspirini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo. Kaingia jioni. Nyumbani kapata choo cheusi mara mbili, kinang'aa kama lami, kinanata, kina harufu nzito. Anaongea vizuri, anatutania. Himoglobini 11.2. Daktari wa mapokezi akaandika: hali inaridhisha, apewe omeprazoli ya mshipa (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo), dripu, endoskopi (kamera ya kutazama ndani ya tumbo kupitia mdomoni) kesho asubuhi. Ukisoma faili lile mstari kwa mstari huoni kosa.

Saa mbili usiku mapigo ya moyo yalikuwa 88, presha ya juu 126. Saa sita, mapigo 102, presha 118. Saa tisa, mapigo 114, presha 110. Karatasi ni moja, ila mikono ni mitatu: nesi wa jioni, mwanafunzi, na mimi. Kila mmoja aliitazama namba yake peke yake. 102 siyo mbaya sana. Presha ya 110 wengi wanaitamani. Ile 114 niliiandika kwa mkono wangu, nikageukia kitanda cha pili ambako dripu ilikuwa imeziba.

Saa kumi kasoro robo mzee akaamka kwenda chooni peke yake. Tulisikia kishindo. Tulimkuta mlangoni, shuka alilojifunga limelowa damu nyeusi iliyochanganyika na nyekundu, jasho la baridi usoni, presha ya juu 70. Himoglobini iliyochukuliwa pale pale ilirudi 6.1.

Alipona. Na alipona kwa sababu yule nesi wa jioni, kabla hajakabidhi zamu, alikuwa ameweka kanula mbili nene (vimirija vya kupitishia dripu na damu kwenye mshipa), moja kila mkono, na kupeleka sampuli maabara ikapimwe kundi na kulinganishwa na damu ya benki. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Damu ilifika baada ya dakika chache tu kwa sababu kazi ya kuilinganisha ilikuwa imeshaisha. Endoskopi ya asubuhi ikakuta kidonda mwanzo wa utumbo mwembamba, mshipa uko wazi unarusha damu. Wakachoma sindano ya adrenalini pembeni yake, wakaubana kwa klipu.

Kwa hiyo usiku ule ule, wodi ile ile, mmoja wetu alimwokoa na mimi nilimpita bila kumwona. Nimeirudia karatasi ile kichwani mara nyingi sana.

Sasa tuongee kuhusu ile 11.2, maana imewadanganya wengi na itaendelea kuwadanganya. Himoglobini inapima rangi ya damu iliyobaki, haipimi kiasi kilichobaki. Ukimwaga nusu ndoo ya maji yenye rangi, nusu iliyobaki ina rangi ile ile. Itapauka utakapoongeza maji. Mwili nao unavuta maji kutoka kwenye tishu kujaza mishipa, sisi tunaongeza ya dripu, na hilo huchukua saa kadhaa, pengine siku nzima. Ndani ya saa hizo mgonjwa anaweza kupoteza lita moja na kipimo kikasoma vizuri. Kinachosema ukweli mapema ni mapigo, presha, kizunguzungu akiinuka, mikono kuwa ya baridi, mkojo kupungua. Na mapigo yenyewe yana mtego: anayetumia propranololi au atenololi, dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, anaweza kutoka damu nyingi na mapigo yakabaki 75. Ndiyo maana swali la dawa anazotumia nyumbani siyo la kujaza fomu.

Kuna jambo dogo ambalo halipo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza. Mgonjwa wa damu ya tumbo akiomba kwenda chooni usiku, hiyo ni dalili. Damu inapofika kwenye utumbo inausukuma, tumbo linanguruma, anahisi haja. Akisimama presha inashuka, anaanguka. Anayeomba choo mara ya pili usiku, chukua mapigo yake kabla hujamletea chombo, kisha kitazame kilichomo kwenye chombo. Usikimwage kabla hujakiona.

Niwape na takwimu za wenzetu, kwa sababu wamejipima hadharani. Uingereza walifanya ukaguzi wa kitaifa mwaka 2007 wa damu inayotoka sehemu ya juu ya tumbo: wagonjwa 6,750, hospitali 208. Waliofariki ni asilimia 10. Ukaguzi wa nyuma yake, wa miaka ya mwanzo ya 1990, ulikuwa asilimia 14, kwa hiyo walisogea. Ila fungua hiyo asilimia 10 uone ndani. Walioingia hospitali kwa sababu ya damu, walifariki asilimia 7. Waliokuwa tayari wamelazwa kwa ugonjwa mwingine, damu ikaanza wakiwa kitandani, walifariki asilimia 26.

Hiyo 26 ndiyo iliyonifanya niandike. Najua sehemu yake ni kwamba hao walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Lakini nimefanya kazi wodi za wengine pia. Mgonjwa wa mfupa uliovunjika anapata choo cheusi siku ya nne, yuko kwa madaktari wa mifupa, wanaita madaktari wa ndani, wa ndani wanasema waiteni wa endoskopi, wa endoskopi wanauliza himoglobini ni ngapi, na wakati simu zinapigwa mtu anaendelea kupewa ile ile diklofenaki ya maumivu kwa sababu hakuna aliyeifuta kwenye karatasi ya dawa. Nimelishuhudia kwa macho yangu, hospitali sitaitaja.

Ukaguzi ule ule ulikuta ni karibu nusu tu ya wagonjwa waliofanyiwa endoskopi ndani ya saa 24, na ni hospitali 52 kati ya kila 100 zilizokuwa na ratiba rasmi ya mtaalamu wa endoskopi nje ya saa za kazi. Mwaka 2015 wakarudi kuwachunguza waliotoka damu kwa wingi, wale walioongezewa chupa nne au zaidi. Wakaguzi waliposoma mafaili, chini ya nusu ya wagonjwa walionekana wamepata huduma nzuri. Na hiyo ni nchi ambayo mashine zipo. Mapendekezo yao yalikuwa ya mpangilio zaidi: kila hospitali iwe na daktari mmoja anayewajibika kwa huduma ya damu ya tumbo, mgonjwa apelekwe penye endoskopi usiku na mchana, na waache kumgawa mgonjwa kati ya "damu ya juu" ya madaktari wa ndani na "damu ya chini" ya wapasuaji.

Hilo la mwisho lina maana kubwa. Damu nyekundu kabisa inayotoka nyuma, watu wanasema bawasiri. Ikiwa nyingi na presha imeshuka, inaweza kuwa inatoka kwenye kidonda cha juu, imepita kwa kasi mpaka haikupata muda wa kuwa nyeusi. Mgonjwa wa namna hiyo akipangiwa kitanda kwa kufuata rangi ya damu, anaweza kukaa na timu isiyo yake usiku mzima.

Nakaribisha mawazo. Walio kwenye fani wanisahihishe, waliouguza waseme walichokiona.

Mama Wawili

Pole na kazi mleta uzi. Mimi niliuguza mume wangu, ana ugonjwa wa ini. Alitapika damu beseni zima, nyekundu. Kilichotuudhi ni kuona anapewa dawa za bakteria. Shemeji yangu aligomba sana, anasema mtu anatoka damu nyie mnatibu homa. Mpaka leo hajawasamehe. Je walikuwa sahihi?

Mleta uzi

Pole sana dada. Walikuwa sahihi, ila walipaswa kuwaeleza.

Ini likishajaa makovu, damu inayotoka kwenye utumbo inakosa njia ya kupita kwenye ini, inatafuta njia za pembeni, na mishipa ya umio inavimba kama puto. Ikipasuka ndiyo hilo beseni. Huyu ni tofauti na mzee wangu wa vidonda, na uangalizi wake una saa zake. Kwanza dawa ya mshipa ya kupunguza msukumo, oktreotaidi au terlipresini, hiyo inaanza mara tu wanaposhuku, hawasubiri kamera. Pili dawa ya bakteria, mara nyingi seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Mgonjwa wa ini anapotoka damu, bakteria wa utumbo wanapenya kirahisi kuingia kwenye damu na kwenye maji ya tumbo, na maambukizi hayo yanaua na yanachochea damu kurudi. Wanaopewa dawa hizo wanapona zaidi kuliko wasiopewa, hilo limepimwa mara nyingi. Tatu endoskopi ndani ya saa 12, wanafunga mishipa kwa vipete vya mpira.

Sasa mwambie shemeji aulize, ni hospitali ngapi mgonjwa wa ini anatoka damu na hiyo sindano ya bakteria inasahaulika mpaka kesho yake. Hao waliompa mumeo usiku ule walikuwa wanafikiri.

Daktari wa Mapokezi

Mleta uzi nimekusoma mpaka mwisho na nakubaliana na mengi. Lakini naomba nikupinge kidogo. Unaandika kama vile sisi tunakaa. Usiku niko peke yangu, kuna ajali, kuna mtoto ana degedege, kuna mama kajifungulia njiani, na huyo mzee wa choo cheusi anaongea vizuri. Nesi mmoja wodini ana wagonjwa 30. Ukimwambia apime mapigo kila nusu saa kwa mmoja, wengine 29 anawaacha na nani?

Pili, ndugu wanatusukuma tufanye endoskopi saa ile ile. Nimewahi kutukanwa kwa kusema tusubiri asubuhi.

Mleta uzi

Daktari, mimi sijakaa bure na wewe hujakaa bure, hilo tunalijua wote wawili. Na sitasema upungufu wa watu ni kisingizio, maana ndio nilioufanyia kazi miaka yote hii.

Kwenye endoskopi niko upande wako kabisa. Hong Kong walilipima jambo hili, matokeo yakatoka 2020: wagonjwa 516 walio kwenye hatari kubwa, nusu wakafanyiwa ndani ya saa 6 tangu mtaalamu aitwe, nusu wakafanyiwa kati ya saa 6 na 24. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 8.9 kwa waliowahishwa na 6.6 kwa waliosubiri. Tofauti hiyo haitoshi kusema kuwahisha kunaua, lakini kuokoa zaidi hakukuonekana. Kuna mantiki: mgonjwa anatakiwa ajazwe kwanza, presha isimame, apumue vizuri, ndipo umwekee mpira kooni. Kwa hiyo mtu akikutukana kwa kusema asubuhi, mwonyeshe kwamba kati ya sasa na asubuhi kuna kazi inafanyika. Ndugu wanachokasirikia mara nyingi ni kumwona mgonjwa amelala na hakuna anayekuja. Neno "kesho" likiandikwa kwenye faili bila mpango wa usiku, limeandikwa nusu.

Kuhusu wagonjwa 30: wodini kwetu baada ya yule mzee hatukuongezewa mtu hata mmoja. Tulichofanya ni kuhamisha vitanda. Mgonjwa wa damu analala karibu na meza ya manesi, karibu na choo, na wale wanaosubiri ruhusa wanakwenda mwisho. Na karatasi ya mapigo tunaichora mstari badala ya kuandika namba tu. Mstari unaopanda unauona hata ukiwa umechoka. Tumekubaliana pia kwamba mapigo yakipanda kwa 20 kutoka yale ya kuingilia, tunaita, hata kama namba yenyewe inaonekana ya kawaida. Mnaweza kuweka kiwango chenu. Cha msingi kiwe kimeandikwa, asiwepo nesi wa kuanza kujiuliza saa tisa usiku kama ataonekana msumbufu.

Na wewe kwa upande wako unaweza kutupunguzia. Kuna alama za Glasgow-Blatchford, za kupima hatari ya anayetoka damu tumboni, unazihesabu kwa vitu ulivyo navyo mapokezi: yurea, himoglobini, presha, mapigo, choo cheusi, kuzimia, ugonjwa wa ini, moyo kushindwa. Jumla inakwenda hadi 23. Mwenye 0 au 1 anaweza kurudi nyumbani akafanyiwa uchunguzi kama mgonjwa wa nje. Kila unayemrudisha kwa hesabu hiyo ni kitanda na macho kwa yule mwenye 12.

Daktari wa Mapokezi

Hilo la kuchora mstari nalichukua. Na la kitanda.

Niulize la asidi ya traneksamiki, ile dawa ya kusaidia damu isimame. Mimi hutoa kwa kila anayetoka damu, inasaidia kwenye ajali na kwa waliojifungua.

Mleta uzi

Kwenye ajali na uzazi ndiyo. Kwenye tumbo ilipimwa kwa wagonjwa 12,009, hospitali 164 za nchi 15, majibu yakatoka 2020. Vifo vya damu vilikuwa sawa, karibu asilimia 4 pande zote. Waliopewa dawa walipata zaidi damu kuganda kwenye mishipa, na degedege. Sisi wodini tuliiacha. Haraka ile ya kutafuta hiyo sindano itumike kuweka kanula ya pili.

Kaka wa Mgonjwa

Naomba kuelimishwa. Dada yangu alikuwa na himoglobini 7.6 baada ya kutapika damu, tukaleta wachangia damu watano, hospitali ikasema haongezewi. Tulihisi wanaibania damu wampe mtu mwingine. Kulikuwa na ugomvi mkubwa pale.

Mleta uzi

Naelewa uchungu wenu kaka. Mtu umetoa damu ya mwilini mwako halafu unaambiwa haihitajiki.

Lakini mwaka 2013 ulitoka utafiti kutoka Barcelona, wagonjwa 921. Kundi moja waliongezewa damu himoglobini ikishuka chini ya 7, kundi la pili ikishuka chini ya 9. Baada ya wiki sita waliokuwa hai ni asilimia 95 kwa wale waliosubiri hadi 7, na asilimia 91 kwa walioongezewa mapema. Waliopewa damu zaidi walirudia kutoka damu zaidi. Hasa kwa wenye ini bovu, ukijaza mishipa kupita kiasi msukumo unapanda na ile mishipa ya umio inafunguka tena.

Kwa hiyo 7.6, kama damu imesimama, mapigo yametulia na moyo hauna shida, kutoongeza ni uangalizi mzuri. Mwenye ugonjwa wa moyo anawekewa kiwango cha juu zaidi, karibu 8. Na anayetoka damu kwa kasi mbele ya macho yako haingii kwenye hesabu hii, huyo unamjaza kwa kumtazama yeye, husubiri namba. Hao wa Barcelona waliokuwa wanavuja kwa kasi ya kutisha hawakuingizwa kwenye utafiti kabisa.

Kosa ninaloliona pale ni kwamba hakuna aliyekaa na nyie dakika tano akawaeleza kwa nini.

Fundi Maabara

Nichangie kutoka benki ya damu. Mara nyingi wodi inatulaumu tumechelewa. Sampuli ikija bila jina kamili au jina la kwenye chupa halifanani na la kwenye fomu, tunairudisha, hatuna hiari. Damu isiyo yake inaweza kumuua haraka kuliko hicho kidonda. Nesi wa jioni uliyemtaja alifanya la maana sana kuileta mapema, tunakuwa na muda wa kulinganisha bila kukimbizwa. Andikeni jina pale pale kitandani, mgonjwa akijitaja mwenyewe.

Kaka wa Mgonjwa

Asante sana wakuu wote. Swali la mwisho. Baba mkwe aliruhusiwa na vidonge vya omeprazoli vya mwezi mmoja, akaelekezwa asile vikali. Baada ya miezi minne karudi na hali ile ile. Shida ni nini?

Mleta uzi

Hapa ndipo huduma nyingi nzuri zinaharibika. Damu imesimama, kitanda kinahitajika, mtu anaruhusiwa na nusu ya matibabu.

Muulize kama alipimwa bakteria wa vidonda, Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Nobeli mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba huyu bakteria ndiye chanzo cha vidonda vingi. Asipoondolewa, kidonda kinapona na kinarudi. Kuna mtego mwingine hapa: ukipima wakati mtu anatoka damu, jibu linaweza kusema hana kumbe anaye. Hasi ya siku ile irudiwe baadaye. Na akitibiwa, apimwe tena kuhakikisha ameisha, angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa za bakteria, omeprazoli ikiwa imesimamishwa wiki mbili.

La pili, dawa za maumivu. Kama magoti bado yanauma na hakuna aliyempa njia nyingine, atarudi kwenye diklofenaki, sijui nani angefanya tofauti.

La tatu ni aspirini ya moyo, na hapa tunakosea kwa kuogopa. Tunaizuia, tunamruhusu, hakuna anayeandika irudishwe lini. Utafiti mwingine wa Hong Kong, wa 2010, uliwachukua wagonjwa 156 waliohitaji aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi. Waliorudishiwa mapema, damu ilirudi kwa watu wengi zaidi, lakini baada ya wiki nane walifariki asilimia 1.3, dhidi ya 12.9 kwa walioachishwa. Kwa mtu aliyeshapata shambulio la moyo, kawaida inarudishwa ndani ya siku chache baada ya kidonda kudhibitiwa, akiwa kwenye omeprazoli. Kwa anayekunywa tu kwa kujikinga na hajawahi kuugua moyo, hiyo inaachwa. Daktari aiandike kwenye karatasi ya ruhusa, tarehe na yote.

Binti Mkubwa

Mleta uzi samahani kukatiza. Nipo wodini na mama sasa hivi. Aliingia mchana kwa choo cheusi. Saa kumi na mbili jioni niliona wameandika mapigo 90, nimemhesabia mwenyewe kwenye mkono sasa hivi yamefika 112. Ameniomba chombo mara mbili. Nesi amesema atakuja.

Mleta uzi

Usiandike tena hapa. Nenda kwenye meza yao, ongea kwa heshima lakini usiondoke: "Dada, mama alikuwa 90, sasa ni 112, na amepata choo cheusi mara mbili tangu jioni, naomba daktari wa zamu amwone." Waonyeshe chombo. Mama asisimame, alale kwa ubavu, na asinyanyuke hata akisema anaweza.

Binti Mkubwa

Wamekuja wawili. Wameweka dripu mkono wa pili, wamechukua damu, wamempigia daktari. Presha 104. Wamemsogeza karibu na meza.

Mleta uzi

Vizuri. Umeona jina kwenye chupa ya sampuli?

Binti Mkubwa

Nimeona, ni la kwake, amejitaja mwenyewe. Daktari anasema wakimaliza kumwongezea maji na damu endoskopi itakuwa alfajiri. Ana kiu sana, ananililia maji. Nimpe?

Mleta uzi

Hapana, asimeze kitu mpaka kipimo kiishe. Chovya kitambaa kisafi kwenye maji umlowanishe midomo. Na mwulize nesi mapigo ya saa sita ni ngapi.